Black Sabbath: Haki ya mkono uliokatika vidole

Tarehe 22 Julai 2025 alifariki dunia mwimbaji Ozzy Osbourne wa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 76. Siku 17 kabla ya hapo aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, pamoja na wenzake watatu walioanzisha naye bendi ya Black Sabbath. Magazeti mengi yalimwandika, na mengi yalirudia kile kisa cha mwaka 1982, alipomng'ata popo kichwa jukwaani. Sawa. Lakini muziki wenyewe je?

Nauliza kwa sababu nina deni. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana mpya katika utangazaji, niliandika kwenye daftari orodha ya albamu za bendi hii, tangu bora hadi mbovu. Kipimo changu kilikuwa rahisi: palipo na Ozzy ni juu, pasipo na Ozzy ni chini. Juzi nimelitoa daftari lile, nikazisikiliza upya albamu zote 19, na nimejionea aibu.

Kosa langu lilikuwa kumtazama mwenye maikrofoni nikamsahau mwenye gitaa. Waimbaji wa Black Sabbath walikuja na kuondoka, wapiga ngoma vilevile. Mtu mmoja tu amepiga katika albamu zote 19, naye ni Tony Iommi.

Mwaka 1965 Iommi alikuwa na umri wa miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha bati mjini Birmingham. Siku ya mwisho kabla ya kuacha kazi ili afuate muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Naye hupiga gitaa kwa shoto, maana yake huo ndio mkono wa kubania nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa. Msimamizi wake kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa bingwa wa gitaa ingawa vidole vyake viwili viliharibiwa na moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vikofia mfano wa subana ya fundi cherehani, akavifunika kwa ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza, na baadaye akazilegeza. Ule mlio mzito mnaousikia katika hevi metali hadi leo, sehemu yake kubwa ilianzia hapo.

Kwa kipimo hicho, ndugu zangu, napanga upya. Naanza na mkia.

Ya mwisho kabisa ni Forbidden ya mwaka 1995. Hapa walitaka kufuata upepo, hata mwimbaji wa rap Ice-T akaalikwa, na gitaa likasikika kama limefungiwa kabatini. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2024 Iommi mwenyewe aliichanganya upya sauti yake, nayo ikapata uhai kidogo. Na mwimbaji wake, Tony Martin, aliimba katika albamu tano za bendi hii bila kusifiwa na mtu. Sikilizeni Headless Cross ya mwaka 1989, mtaona alikuwa na koo la kweli. Daftari langu lilimtupa pasipo hata kumsikiliza.

Jirani na mkia nimeweka Never Say Die! ya mwaka 1978. Ozzy yumo, lakini bendi imechoka, ulevi umetawala, na kila mtu anavutia kwake. Daftari la kale liliipa nafasi ya sita. Kwa nini? Kwa sababu ya jina la mwimbaji tu.

Ya tano ni Sabotage ya mwaka 1975. Ilitengenezwa bendi ikiwa katika kesi na waliokuwa mameneja wake. Hasira imo ndani ya nyuzi, na kesi yenyewe wameiimba. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi halafu akaona malipo yanaishia mfukoni mwa mwingine, ataielewa bila kujua Kiingereza.

Ya nne ni Heaven and Hell ya mwaka 1980. Hii ndiyo aibu yangu kubwa. Ozzy alikuwa amefukuzwa mwaka 1979, akaja Mmarekani Ronnie James Dio, na mimi nikaiweka ya 15. Dio hakumwiga mtu. Ozzy mara nyingi aliimba akilifuata gitaa; Dio aliimba juu yake, na Iommi akalazimika kutafuta njia mpya. Bendi iliyodhaniwa maiti ikasimama.

Ya tatu ni Paranoid ya mwaka 1970, ambayo kila mtu huitaja kwanza. Ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza. Wimbo uliobeba jina lake ulitungwa haraka dakika za mwisho, kwa sababu nyimbo hazikutosha kujaza albamu. Wimbo mkuu, War Pigs, unawashutumu wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini wakafe. Wakati huo Vietnam ilikuwa inawaka.

Ya pili ni ya kwanza kutoka, iitwayo Black Sabbath, iliyotolewa Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Sehemu kubwa ilirekodiwa kwa siku moja tu, mwezi Oktoba 1969. Vijana wanne wa mtaa wa Aston waliingia studio wakapiga kama wanavyopiga ukumbini, hakuna muda wa kujipodoa. Mvua, kengele, kisha gitaa. Sisi watu wa redio tunajua thamani ya sekunde za kwanza, na sijasikia mwanzo wa albamu uliozidi ule.

Ya kwanza ni Master of Reality ya mwaka 1971. Humu ndimo Iommi alipozilegeza nyuzi kwa nusu-sauti tatu katika nyimbo kadhaa, ili vidole vyake visiumie sana, na Geezer Butler akamfuata kwa besi. Mlio ukashuka chini, ukawa mpana kama lori linalopanda mlima na shehena. Wimbo wa kufungua unasifu bangi, na hilo siliungi mkono. Lakini wa pili, After Forever, unamtetea Mungu waziwazi, na mwandishi wake ni Butler, aliyelelewa katika Ukatoliki. Mama yangu, aliyenizimia kaseti yangu akisema ni kelele za shetani, hakupata kuambiwa hilo. Na mimi sikujua nimweleze.

Albamu ya mwisho, 13, ilitoka mwaka 2013. Ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, miaka 43 baada ya Paranoid, na kwa mara ya kwanza Marekani pia. Iommi aliitengeneza huku akitibiwa saratani. Sijaipandisha juu kwa huruma. Nimeiweka ya nane, inapostahili. Huruma si kipimo, kama umaarufu usivyokuwa kipimo.

Ozzy tumemzika kwa heshima, na sauti yake ilistahili heshima hiyo. Lakini tukiandika historia ya kazi yoyote, iwe ya bendi, ya kiwanda au ya chumba cha habari, tusiishie kwa yule anayeonekana mbele. Tuulize pia ni mkono wa nani uliokuwa kazini siku zote. Ukurasa ule wa daftari nimeuchana. Mpya nimeuandika kwa kalamu ya wino.