Siku Masetla wa Nakuru Walipoitikia Harambee

Jumatatu tarehe 12 Agosti 1963, mamia ya wakulima wa Kizungu walijaa ukumbini mjini Nakuru kumsikiliza Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta. Kwa maneno hayo matupu, habari yenyewe haina uzito: Waziri Mkuu kaongea na wakulima, basi. Kilichoifanya iwe kioja ni kwamba wengi wa wakulima hao walikuwa wamekaa miaka kumi wakiomba mtu huyo asitoke kizuizini hadi kufa kwake. Sasa walikuwa wamevaa suti na tai, wamekaa wima vitini, wakisubiri aamue kama watalala salama.

Nakuru ilikuwa mji wao. Reli ilifika mwaka 1900, na baada ya reli wakaja masetla, klabu yao ya michezo, na Chama cha Wakulima cha Kenya, KFA, kilichofanya mji huu kuwa makao ya biashara ya nafaka. Ardhi yote ya Njoro, Rongai, Solai, Subukia na Molo ilihesabiwa kuwa Nyanda za Juu za Wazungu. Pale Salgaa ambapo leo malori ya masafa marefu hupumzika, kama kilomita 30 kutoka Nakuru kwenye barabara ya Eldoret, palikuwa katikati ya nchi ya mashamba makubwa ya mahindi, ngano, mkonge na ng'ombe wa maziwa. Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota. Kwa miongo kadhaa alitembea na kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, na bwana shamba ndiye aliyejua kama kimetiwa sahihi au la.

Jinsi masetla walivyomwogopa Kenyatta ni hadithi ndefu, lakini mambo mawili yanatosha. La kwanza ni la Februari 1960. Michael Blundell, mkulima wa Subukia na mwanasiasa wa masetla wenyewe, alirudi kutoka mkutano wa Lancaster House jijini London akiwa amekubali kwamba Waafrika watakuwa wengi kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Katika uwanja wa ndege wa Nairobi setla mmoja alimrushia miguuni mfuko wa sarafu 30 za fedha, idadi ileile aliyolipwa Yuda. Mtu alikuwa ameketi nyumbani akazihesabu sarafu hizo kwanza, moja hadi 30, ili tusi lisipungue hata senti. La pili ni la Mei mwaka huohuo, pale Gavana Patrick Renison alipomtaja Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Tamko hilo lilitoka kwenye ofisi kubwa kuliko zote nchini.

Kiongozi huyo wa gizani alikuwa amekamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akapitia Lokitaung, Lodwar na Maralal. Alirudishwa Gatundu tarehe 14 Agosti 1961. Kwa hiyo siku aliyosimama mbele ya masetla wa Nakuru, zilikuwa zimebaki siku mbili kutimia miaka miwili tangu arudi nyumbani. Kati ya hapo chama chake cha KANU kilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, akawa Waziri Mkuu.

Waziri wake wa Kilimo alikuwa Mzungu, Bruce McKenzie, mzaliwa wa Afrika Kusini, mkulima wa Solai mwenye masharubu yaliyojulikana kote nchini. Uteuzi huo ulikuwa ishara tosha, lakini mtu mwenye hofu hasomi ishara. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Ukumbini alikuwamo pia Lord Delamere, mwana wa yule Delamere aliyekuwa mfalme asiye na taji wa masetla tangu siku za Njoro.

Kenyatta hakuwahubiria wala hakuwatisha. Aliwaambia kwamba kama aliwakosea, ni juu yao kumsamehe, na kama wao walimkosea, ni juu yake kuwasamehe. Akaongeza kwamba hakuna taifa la malaika, liwe la weupe, la weusi au la rangi ya maji ya kunde. Aliyetaka kubaki alime vizuri, abaki alime. Waliokuwa wameingia wakitarajia hukumu walijikuta wakiombwa msamaha na mtu waliyemfunga. Kwa masetla huo ulikuwa mshtuko mkubwa kuliko tusi, kwa sababu tusi walikuwa wamejiandaa kulijibu.

Wakapiga makofi. Kisha ukaja wito wa Harambee, wimbo wa wapagazi na wavuta mizigo wa pwani ambao Kenyatta alikuwa ameufanya kaulimbiu ya taifa, nao wakaitikia. Wanaume walioishi Kenya nusu ya umri wao wakijua Kiswahili cha jikoni na cha zizini tu, cha leta, weka na haraka, siku hiyo walitamka neno moja la Kiswahili lisilo amri kwa mtu yeyote. Lafudhi yao ni bora iachwe.

Habari hiyo ilizunguka dunia, nayo imekuwa ikirudiwa kwenye vitabu vya historia tangu hapo kama siku Kenya ilipokwepa umwagaji damu. Sifa hiyo si ya bure. Ila hotuba hiyo haikumzuia kila mtu kufunga mizigo. Makaburu wa Uasin Gishu, ambao wazazi wao waliondoka Nakuru kwa magari ya maksai Agosti 1908 kwenda kuanza mashamba kule juu, wengi wao waliuza na kurudi kusini. Waingereza wengine wakaenda Rhodesia, Australia au kwao. Wengine walibaki. Ukoo wa Delamere ungali katika shamba lao la Soysambu, na huko ndiko ilikopelekwa sanamu ya mzee wao, ilipong'olewa Nairobi kwenye Delamere Avenue na barabara yenyewe ikaitwa Kenyatta Avenue.

Kenyatta naye akawa mkulima wa Rongai. Alipata shamba huko na mara nyingi alikaa Nakuru kuendesha nchi, akiwapokea wajumbe na vikundi vya ngoma. Mpinzani wake wa mwaka 1963, Daniel arap Moi, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha KADU na rais wa Jimbo la Bonde la Ufa, alihamia KANU mwaka 1964 chama chake kilipovunjwa, na shamba lake la Kabarak liko upande huohuo wa Rongai. Setla aliyebaki alijikuta amezungukwa na majirani wa heshima kubwa.

Wasioalikwa ukumbini walikuwa vibarua na maskwota, ambao kati ya mwaka 1961 na 1962 baadhi yao walikuwa wameapa upya katika Nakuru kudai ardhi bila malipo. Waziri Mkuu aliwajibu kwamba hakuna cha bure. Msamaha wa tarehe 12 Agosti haukumgharimu setla chochote, lakini shamba lake lilikuwa na bei. Serikali ilinunua ekari zipatazo milioni 1 kwa ajili ya kuwapa Waafrika makazi, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo kutoka Uingereza. Aliyekatiwa kipande chake cha ardhi katika mipango hiyo alipewa deni pamoja nacho, na miaka 30 ya kulilipa.