Kufuta faili si kuiharibu: historia ya diski zilizotoa siri

Faili iliyofutwa kwenye kompyuta haipotei mara moja. Wengi wamelijua hilo wakiwa wamechelewa.

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Katika kompyuta zilizofuata, diski hushika orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Mtu akifuta faili, kinachoondolewa ni jina katika orodha. Maandishi yenyewe hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Ni kama mkuu wa kambi kukata jina la familia kwenye daftari: jina limekatwa, familia bado iko ndani ya hema.

Mwaka 1996, mtaalamu Peter Gutmann wa New Zealand alipendekeza kuandika juu ya faili hadi mara 35. Wengi walishika hesabu hiyo kama sheria. Mwaka 2006, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilisema kwamba kwa diski za siku hizi mara moja inatosha.

Lakini wenye mashine hawakufanya hata mara hiyo moja. Kuanzia mwaka 2000, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa vizuri. Katika zingine walikuta barua, habari za wagonjwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5000. Afrika nayo iliyaona hayo: mwaka 2009, wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua nchini Ghana diski kuukuu, wakakuta ndani mikataba ya kampuni ya silaha ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani.

Kwenye simu na kompyuta mpya zisizo na sahani, mashine yenyewe huchagua pa kuandika. Mwaka 2011 watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha kwamba kuandika juu ya faili moja huko kunaacha mabaki.

Tena, kusafisha diski nzima huchukua saa nyingi, na anayekimbia risasi hana hata dakika tano. Kompyuta inabaki nyumbani na majina, picha na namba za ndugu. Nenosiri la kuiwasha halitoshi, kwani diski huchomolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kinachosaidia ni kufunga diski yote kwa maandishi ya siri tangu siku ya kwanza, wakati bado kuna amani. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe zikiwekewa namba ya siri. Na diski inayotupwa, ivunjwe sahani zake kwanza.