Gari Moshi, Kazi ya Mbali na Kiswahili cha Uganda

Katika somo la historia ya lugha, wengi wa wanafunzi wetu huingia darasani wakiwa na jibu moja tayari: Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya askari. Hatukatai kwamba jeshi na polisi walikitumia na wanakitumia hadi leo. Hata hivyo, jibu hilo linamsahau mtu mwingine aliyekibeba Kiswahili miaka mingi bila bunduki wala amri, yaani mfanyakazi aliyeacha mke na watoto shambani, akapanda gari moshi kwenda kutafuta mshahara katika mji wa mbali.

Tuanze na njia yenyewe. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kutoka hapo, msafiri wa Uganda alivuka ziwa kwa meli. Baadaye njia kuu ilipitishwa Nakuru, Eldoret na Tororo, na daraja la Mto Naili pale Jinja lilipokamilika mwaka 1931, gari moshi likafika Kampala moja kwa moja. Tawi la Tororo lilikuwa limekwisha kufika Soroti mwaka 1929. Aidha, mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kwa hiyo mtu wa Teso au wa Bungoma aliweza kushika kazi Kampala au Jinja, huku nyumbani kwake kukibaki kule kule alikozaliwa.

Safari hizi hazikuwa za kila siku. Mtu alikwenda kazini kwa miezi, akarudi wakati wa likizo, kilimo au msiba, kisha akapanda gari tena. Sababu haikuwa mapenzi ya kusafiri. Wakati wa ukoloni mishahara ya kima cha chini ilikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja, na vyumba vingi vya wafanyakazi vilijengwa kwa mtu asiye na familia. Shamba ndilo lililolisha watoto, nalo ndilo lililokuwa pensheni ya mzee. Hivyo mke alibaki akilinda shamba, na reli ikaunganisha nusu mbili za nyumba moja.

Huko mjini, watu hawa waliishi pamoja. Katika miaka ya 1960, mitaa ya mashariki ya Kampala, kama Nakawa na Naguru, ilikuwa na Waluo na Waluhya wengi kutoka Kenya, wakiwa majirani wa Waganda, Wateso na wengineo. Nsambya kulikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli. Watu wa lugha nyingi kiasi hicho walihitaji lugha ya kuelewana kazini, na mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Msamiati wenyewe unatoa ushahidi wa mkutano huo: gari na karani zina asili ya Kihindi, reli, stesheni na tikiti zimetoka Kiingereza, nalo behewa, neno la zamani la uwanja wa ndani ya nyumba, likapewa kazi mpya ya kutaja chumba cha gari moshi.

Sasa tutazame takwimu. Utafiti wa Peter Ladefoged, Ruth Glick na Clive Criper, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya watu nchini Uganda waliweza kuzungumza Kiswahili. Miongoni mwa wanaume ilikuwa asilimia 52, na miongoni mwa wanawake asilimia 18 tu. Jeshi peke yake, kwa maoni yetu, haliwezi kueleza nusu nzima ya wanaume wa nchi. Pengo hilo ni alama ya nani aliyesafiri na nani aliyebaki. Kiswahili kilimfuata mshahara, na mshahara ulimfuata mwanamume.

Mkondo huo ulikatwa mara mbili. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa wafanyakazi wa Kenya wanaokadiriwa kufikia 30,000. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la reli likagawanywa nchi kwa nchi. Katika miaka hiyo hiyo ya utawala wa Idi Amin, sauti ya Kiswahili ambayo wananchi waliisikia zaidi ikawa ile ya kizuizi cha barabarani. Si ajabu kwamba kumbukumbu ya askari imeifunika ile ya mfanyakazi.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria hizo hazitatusaidia sana ikiwa mzazi bado anaamini kwamba mwanawe anafundishwa lugha ya vitisho. Tunawaomba walimu na wanafunzi wa Idara wanaokwenda Tororo, Soroti, Jinja na Kasese wakati wa likizo wawatafute wazee waliofanya kazi katika reli na kuwarekodi. Wawatafute pia wake zao, na wawaulize Kiswahili kiliwafikiaje, au kwa nini hakikuwafikia. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa katika kitabu chochote.