Eda ya Samaki, Wala Si Utengaji

Imenifikia orodha mpya ya istilahi za ufugaji wa viumbe wa majini, na mbele ya dhana ya karantini wanakamati walioiandaa wameandika neno moja tu: utengaji. Nasikitika kusema kwamba hapo hawakutafsiri kitu. Mtu yeyote anayefuga samaki wa mapambo, awe na tangi moja sebuleni au duka zima, anajua kuwa kutenga na kuweka karantini ni kazi mbili. Anayetengwa ni mgonjwa, maradhi yake yameshaonekana. Anayewekwa karantini hana alama yoyote: anakula, anaogelea, na kinachongojwa ni siku zake zitimie ijulikane amekuja na nini. Ukizipa dhana hizi jina moja umeifuta ile tofauti ambayo istilahi ilihitajika kwa ajili yake.

Chukua ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kwenye matamvua, hula akashiba, hudondoka, hujifungia ndani ya kifuko chini ya tangi na kujigawa mamia kwa mamia, kisha watoto hutoka kuogelea wakitafuta samaki wa kuingia. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko huo huchukua kama wiki moja. Joto likishuka sana, hufika wiki kadhaa. Fomalini huwaua hao wanaoogelea tu. Aliye chini ya ngozi na aliye kifukoni hawadhuriki. Basi samaki anashushwa uwanja wa ndege akiwa amechoshwa na safari ndefu ndani ya mfuko wa nailoni, katika maji yaliyochafuka kwa taka zake mwenyewe, na bado unamwona safi. Baada ya siku chache anaanza kubana mapezi na kujikuna kwenye changarawe. Ukimsogelea kwenye kioo unakuta mkiani chembe nyeupe mfano wa chumvi. Siku zile za mwanzo, alipokuwa safi machoni petu, samaki huyu alikuwa wapi? Hakuwa ametengwa. Alikuwa katika eda.

Hilo ndilo neno ninalolitetea, na nimelitetea katika vikao ambako jibu nililopewa ni kicheko. Kicheko si hoja. Tulitazame neno lenyewe.

Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru kwamba wanaotoka penye tauni wakae nje ya mji kwa siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na kutoka katika arobaini ya Waitaliano wa Venice likazaliwa jina lililotufikia sisi kama karantini. Jina hilo halikutokana na ugonjwa wala na ukuta. Lilitokana na hesabu ya siku. Na eda je? Mzizi wake wa Kiarabu ni kuhesabu, na idadi ni ndugu yake wa damu. Mjane huhesabu miezi minne na siku kumi. Mwenye mimba hungoja mpaka ajifungue. Wanazuoni wametaja hekima zaidi ya moja ya eda, na mojawapo ni kubainika kama tumboni kuna kitu. Kisichoonekana hupewa muda wa kujitokeza, na hakuna aliyetuhumiwa kosa lolote. Niambieni ni kamati gani ingeweza kuunda neno lililokaa sawasawa zaidi ya hili, ambalo mama zetu wamelitumia muda wote huu bila kuomba kibali cha mtu.

Wapo wanaosema ni kulivunjia heshima neno la sheria ya dini kulipeleka kwenye tangi la samaki. Naiheshimu hofu yao, lakini lugha haikwenda hivyo. Nishati kwa Waarabu ni uchangamfu wa mtu, na leo tunaizungumzia katika mitambo ya umeme. Mwenzetu mmoja anapendelea arobaini. Hilo ni pendekezo la haraka: arobaini kwetu ina khitma yake, ina mzazi anayetoka ndani, ina mwizi wake, na tena inamfunga samaki kwa idadi isiyo yake.

Karantini silikatai; limo kamusini na linaeleweka. Lakini mwaka 2020 nchini Kenya waliovunja kafyu walitishiwa kupelekwa karantini, na tangu hapo neno limenuka adhabu. Zamani halikuwa hivyo. Kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja, chenye jina la samaki, kilijengewa jela miaka ya 1890 ikaishia kuwa kituo cha karantini cha wasafiri wa meli. Waliongojea pale waliwekwa kwa sababu ya walikotoka. Ugonjwa ulikuwa bado ni shaka.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatosha: eda isipungue wiki mbili, nne ni bora, kwa tangi, kiwavu na chujio vya peke yake, na duka liandike siku ya kuingia na ya kutoka eda kwenye risiti. Nimesimama dukani nikamsikia mama mmoja, mteja, ameshika samaki aliyekufa ndani ya mfuko, akimwambia muuzaji, "Kaka, si mmeandika wenyewe hapa kwamba mnatenga? Kumbe mlijua ni wagonjwa!" Muuzaji alijieleza sana na hakueleweka. Kibao chake kilikuwa kimeshamhukumu. Angeandika "Wako eda mpaka tarehe fulani", mama yule angejua mara moja kwamba hawauzwi bado na kwa nini, na aliyeuziwa kabla ya tarehe angekuwa na haki ya kurudishiwa fedha zake bila mabishano.

Orodha haijapigwa chapa. Nawaomba wanaohusika wauondoe utengaji mbele ya karantini, wauache kwa wagonjwa wanaostahili kutengwa, na waandike eda.