Majina ya Wazee Wetu na Vitabu vya Batizo



Siku za yubilei watu huuliza: sisi ni wana wa nani? Hapa Kisangani swali hilo si jepesi. Mji wenyewe uliitwa Stanleyville mpaka 1966, na huyo Stanley alizaliwa akiitwa John Rowlands. Tippu Tip, aliyewekwa kuwa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, kwa baba yake alikuwa Hamed bin Muhammed. Jina la utani lilimeza lile la ukoo.

Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Saint-Gabriel mwaka 1897. Pamoja na misioni vilikuja vitabu: jina la mbatizwa, baba, mama, msimamizi. Desturi hiyo ni ya zamani. Mtaguso wa Trento uliiagiza mwaka 1563. Kwa vitabu vya namna hiyo Wakanada wasemao Kifaransa hufuata wazee wao hata karne ya 17. Lakini nao wana miiba yao. Askari wengi wa kikosi cha Carignan-Salières, waliofika Quebec mwaka 1665, walikuwa na majina ya vita, kama Lafleur au Sansouci. Basi mtoto mmoja aliandikwa kwa jina la ukoo, ndugu yake kwa lile la vita, na mwingine kwa yote mawili, katikati neno «dit», yaani «aitwaye».

Mwiba wetu ni mwingine. Wazee hawakuwa na jina moja la kushuka toka baba hata mjukuu. Mtoto alipewa jina la babu, la marehemu, au la jambo lililotukia. Kwa Waluba wanaokaa nasi, mapacha ni Mbuyi na Kabanga. Ndugu watano wa tumbo moja waweza kuwa na majina matano. Anayetafuta jamaa kwa jina moja tu atapotea.

Tazameni Mwenye heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Alibatizwa Alphonsine, shuleni aliandikwa kwa jina la dada yake, nalo likamshika, utawani akawa Marie-Clémentine. Alipotangazwa Mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985, jina la kosa lilikuwamo pamoja na mengine. Nani angeliondoa sasa?

Kisha ukaja mwaka 1972. Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu, na kila mtu akajitwalia jina la wazee. Kardinali Malula alipinga, akakaa Roma kwa muda. Mwaka 1990 katazo lililegezwa. Lakini tuseme mtu alibatizwa Yosefu mwaka 1960: cheti chake cha kazi hakina Yosefu, na watoto wake wana majina ambayo kitabu hakiyajui. Hapo ndipo wengi hukwama, siku wanapotaka ndoa na karatasi ya batizo haionekani.

Haikupotea daima. Katika ukingo wa ukurasa paroko huandika ndoa na upadrisho wa mbatizwa, na alama hiyo huongoza kwenye parokia nyingine. Msimamizi naye mara nyingi ni jamaa. Lakini karatasi huliwa na mchwa na unyevu wa mto, na bibi anayejua jina la zamani la mumewe hatakaa nasi milele. Mwulizeni kwanza jina la mama, kijiji, na msimamizi, mkaandike. Ndipo mje kwa paroko.