Safu ya Lugha: Mtunzi si prodyuza

Katika makala za burudani zinazohusu soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi uliozaliwa kwa kuchanganya nyimbo za injili na bluzi, neno "mtunzi" hupachikwa kwa yeyote ambaye sauti yake inasikika, hata pale alipoimba tu kilichotungwa na mwingine. Kutunga, kwa asili yake, ni kupitisha uzi katika shanga au ukambaa katika samaki, na kwa hiyo mtunzi ni yule aliyeunganisha maneno na mahadhi vikawa kitu kimoja. Kwa mfano, wimbo "Respect" uliotungwa na Otis Redding, ambaye aliurekodi mwaka 1965, ulipata umaarufu mkubwa zaidi mwaka 1967 kwa sauti ya Aretha Franklin, aliyeugeuza ukawa madai ya mwanamke. Hata hivyo, kuugeuza wimbo kwa ustadi kiasi hicho hakumfanyi mwimbaji kuwa mtunzi wake.

Prodyuza, neno lililokopwa kutoka Kiingereza, katika Bongo Fleva humaanisha hasa mtengeneza midundo, ilhali katika soul ya zama hizo alikuwa msimamizi wa kurekodi, kama Jerry Wexler alivyokuwa kwa wimbo huo wa Aretha. Kwa Kiswahili "mtayarishaji" lafaa badala yake, japo redio na filamu zililitwaa mapema. Smokey Robinson, aliyetunga na kusimamia wimbo "My Girl" wa kundi la The Temptations pamoja na Ronald White mwaka 1964, anastahili majina yote mawili, la mtunzi na la prodyuza.