Kikombe cha Nyumbani na Kikombe cha Mkahawani



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilikuta mjadala mkali mbele ya kanisa. Vijana kadhaa walikuwa wakipanga kwenda mkahawani mjini kunywa kahawa, ile yenye povu la maziwa juu. Mzee mmoja akawakemea kwamba huo ni ufujaji, kwani kwa fedha hiyo mama zao wangenunua kahawa ya kuwatosha watu wa nyumba nzima kwa siku kadhaa. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu: "Babu, kuhusu fedha umesema kweli. Lakini nyumbani kila mtu anakunywa akitazama simu yake. Kule tunazungumza." Wakaniomba niamue. Nikaomba muda wa juma moja, kwa kuwa swali hili ni la zamani kuliko wao na kuliko mimi.

Mbuni wa arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia. Hata hivyo, habari za kuaminika za watu kuinywa kahawa kama tuijuavyo zatoka Yemen, katika karne ya 15. Waliokuwa wakiinywa ni Masufi, Waislamu waliojitoa kwa ibada, ili wasilemewe na usingizi katika sala za usiku. Kahawa basi iliingia katika historia kama msaada wa kukesha.

Haikuchukua muda mrefu ikatoka katika nyumba za ibada ikaingia mitaani. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, akiyatilia shaka makundi ya watu waliokaa pamoja kuinywa. Marufuku hiyo haikudumu. Katikati ya karne ya 16 mikahawa ilikuwa imefunguliwa Istanbul. London ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1652. Desemba 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa tangazo la kuifunga mikahawa yote, kwa sababu humo watu walikuwa wakijadili mambo ya serikali. Malalamiko yalikuwa makubwa hata akaliondoa tangazo lake Januari 1676, kabla halijaanza kutumika.

Huenda baadhi yenu mmesikia kwamba Papa Klementi VIII (1592–1605) alionja kahawa akaibariki. Ni simulizi ya kupendeza, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Tusiifundishe kama historia. Linalothibitika ni kwamba watawala hawakukiogopa sana kinywaji chenyewe. Waliogopa watu kukaa na kusemezana. Hapo kijana wetu ana hoja: mkahawa ulijengwa juu ya mazungumzo, wala si juu ya povu la maziwa.

Mzee naye ana historia upande wake. Nchini Ethiopia, kahawa ni ibada ya nyumbani. Mama wa nyumba huosha buni mbichi, huzikaanga mbele ya wageni, huzitwanga na kuzichemsha katika mtungi wa udongo, huku ubani ukifukizwa. Kahawa hiyo hiyo humiminwa mara tatu, na mzunguko wa tatu huitwa baraka. Mgeni anayeondoka kabla yake ameiacha baraka mezani. Hayo hayafanyiki kwa dakika tano.

Kwa ndugu zetu Wahaya wa Kagera, kahawa ilijulikana kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Hawakuwa wakiinywa. Buni ziliokotwa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni akapewa za kutafuna alipofika nyumbani. Katika undugu wa kuchanjiana, watu wawili waligawana buni mbili za tunda moja zilizoguswa damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tunda moja, buni mbili, undugu mmoja. Mkatoliki anayeshiriki mkate mmoja Altareni hawezi kuusoma mfano huo bila kutafakari.

Tena Waswahili wa pwani wana njia ya tatu, isiyo ya ndani wala ya gharama kubwa. Muuza kahawa hubeba dele lake la shaba juu ya makaa, huku akiligongesha vikombe vyake vidogo visivyo na mikono. Wazee walioketi barazani huagiza kahawa chungu, pengine na kashata. Baraza ni mali ya nyumba, lakini iko nje ya mlango, na mpita njia hukaribishwa. Lugha yetu yenyewe imetunza kumbukumbu: neno mkahawa limetokana na kahawa, ijapokuwa leo wengi tukiingia humo huagiza chai.

Lakini yuko mtu wa tatu ambaye siku ile hatukumtaja: mkulima. Katika siku zile za majadiliano ya London na Paris, kahawa nyingi ya Ulaya ilikuja kulimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi, na baadaye Brazil, ambako utumwa haukufutwa hadi mwaka 1888. Watu walizungumza habari za uhuru huku wameshika vikombe vilivyojazwa na wasio huru. Mazungumzo mazuri peke yake hayakitakasi kikombe.

Hapa kwetu, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misioni ya Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890. Miaka michache baadaye mibuni ya arabika ilikuwa ikistawi huko, na kutoka misioni ikasambaa katika vihamba vya Wachagga, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wengi hawakupendezwa kuona Mwafrika analima zao lile lile. Wakulima wakajibu kwa umoja: mwaka 1925 waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ikajenga shule, zahanati na makanisa.

Mimi ni mtoto wa kihamba kimoja kama hicho. Nilichuma kahawa, nikaimenya kwa mashine ya mkono, nikaianika, nikaibeba hadi chama cha msingi. Ada yangu ya seminari ndogo ilitoka humo. Hata hivyo nyumbani tulikunywa chai ya rangi. Kahawa ilikuwa fedha, na fedha hainywewi. Julai 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ulivunjika, na bei ikaporomoka. Baba yangu alikuja kung'oa mistari miwili ya mibuni, akapanda nyanya. Hakuwahi kukijua kikombe ambacho alikuwa amekifanyia kazi maisha yake yote. Nilipolipia kahawa mkahawani kwa mara ya kwanza, nikiwa shemasi, nilimkumbuka, na kikombe kikanielemea mkononi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mzee ameona sawasawa kwamba fedha ni amana. Asiyekumbuka kazi ya mvunaji anaposhika kikombe, popote alipo, na asome tena sura ya tano ya Waraka wa Yakobo, juu ya ujira wa wavunaji unaolia. Kijana naye ameona sawasawa kwamba kahawa isiyo na mazungumzo imepoteza kazi yake. Nyumba iliyokosa maongezi isiwalaumu watoto wanapoyatafuta kwa kulipia.

Wakristo wa kwanza, Matendo ya Mitume yanasimulia katika sura ya pili, walikusanyika Hekaluni, tena wakamega mkate nyumbani. Hawakuchagua kimoja. Maaskofu wetu wa AMECEA walipoamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walilirudisha Kanisa barazani, pale jirani anapomwona jirani.

Naomba basi jambo dogo. Juma hili, kila jumuiya itakapokutana, nyumba inayopokea ichemshe kahawa iliyolimwa hapa nchini. Vijana waitengeneze, kwa kuwa wamejifunza mjini. Wazee wasimulie nani aliilima, na kwa bei gani. Simu zibaki mfukoni. Kikombe cha kwanza apewe yule ambaye ni siku nyingi hajatembelewa. Na anayeondoka mapema abembelezwe asubiri mzunguko wa tatu.

Yule mzee nimemwalika kwangu Jumamosi, pamoja na yule kijana. Kahawa nitachemsha mwenyewe, kwa sufuria.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Paroko wenu